Chumba cha Joto na Sofa ya Kinyozi

Kabla ya kumpa mtu mkono, Mama Vuguvugu alisugua kwanza viganja vyake. Alivisugua haraka haraka, kama mtu anayetafuta moto kwenye vijiti viwili, ndipo akanyoosha mkono na kusema, "Haya, za kwako?" Alifanya hivyo benki, alifanya hivyo msibani, alifanya hivyo hata siku za jua kali, watu wote wakiwa wanajipepea kwa chochote kilichowafikia mkononi. Wasiomjua walidhani anasikia baridi, au ana jambo la kuomba na anaona haya kulianza. Waliomjua walitabasamu na kungoja zamu yao. Mtu aliyemaliza ujana wake akishika watoto wasiozidi uzito wa mkate hawezi kumgusa kiumbe kwa mkono wa baridi, awe amezaliwa jana au awe diwani.

Jina lenyewe alipewa na kina mama wa wodi aliyoihudumia kama muuguzi. Maji ya kuogea, maziwa ya kikombe, blanketi, hata shuka lililotoka kuanuliwa, vyote alivipima kwa kifundo cha mkono na kutoa hukumu. "Hili la moto. Hili la baridi. Mimi nataka vuguvugu!" Ila yeye mwenyewe hakuwa vuguvugu hata kidogo. Alikuwa na kicheko cha kupasua bati, kikilipuka kwenye veranda ya hospitali, wagonjwa wa wodi ya mbali waliulizana kuna nini. Ndani ya chumba cha watoto tu ndimo alimonong'ona, na kunong'ona kwenyewe kulimtoa jasho.

Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Alimlea binti wa kaka yake, aliyeletwa kwake na sanduku la bati na macho makubwa, na tangu siku ile hakumwita jina lake. Alimwita Kimya. Binti akasoma, akafika chuo, akarudi kuwa afisa mipango katika ofisi ya afya ya mkoa, akavuka miaka arobaini, na bado alikuwa Kimya. Alikuwa mtu wa kulitazama jambo mara mbili kabla ya kulisema, na mara nyingi akishalitazama mara ya pili aliona hakuna haja tena ya kulisema. Kikaoni alikaa karibu na dirisha. Wenzake waliposifiana kwa mawazo aliyoyaandika yeye, aliwaachia.

"Mwanangu Kimya," shangazi alimtania, "siku utakayopiga kelele wewe, tutaomba kibali cha polisi."

Waliishi wawili katika nyumba iliyopakana na ukuta wa hospitali, karibu kiasi kwamba shangazi aliweza kusikia jenereta ikikohoa na kujua kama imelishwa mafuta mazuri. Na jenereta ile aliijua kama mtu wa familia, kwa sababu ndiyo iliyobeba chumba chake.

Kilikuwa chumba cha mwisho kwenye veranda, kimegawanywa kwa kioo. Upande wa mbele walikaa kina mama, kwenye mabenchi, wakiwa wamefunga watoto vifuani, ngozi kwa ngozi. Upande wa ndani vilikuwapo vitanda vya joto kwa watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya miezi yao. Jenereta, mitungi ya oksijeni na mishahara ya wauguzi wawili vililipiwa na Mfuko, shirika la mbali linalokusanya fedha kwa mataifa tajiri na kuzigawa kwa nchi zenye shida. Shangazi hakuwahi kuwaona wenye Mfuko, lakini aliwaombea heri kila Mfuko ulipotuma mafuta.

Jioni moja Kimya aliporudi kazini alikaa bila kuvua mkoba. Shangazi alimmiminia chai, akamtazama, akaketi mbele yake.

"Sema. Ukinyamaza zaidi ya hapo utapasuka."

"Shangazi, Mfuko unataka kuacha kulipia chumba chako."

"Uende wapi?"

"Nchi nyingine, za jirani. Wanasema sisi tumepanda daraja. Sasa tuna uwezo."

Shangazi aligeuka akatazama jikoni. Akainama, akachungulia chini ya meza. "Uwezo huo uko wapi? Maana humu ndani mimi sijakutana nao."

Kimya alicheka kwa shida. Akaeleza: wanachukua pato la nchi nzima, wanaligawa kwa idadi ya watu, kinachopatikana wanakiita wastani. Nchi ikivuka mstari fulani, inatoka kwenye hesabu ya wanaosaidiwa, na fungu lake linakwenda kwa walio chini ya mstari.

"Subiri kwanza. Yule bwana wa maghorofa kule mjini, amehesabiwa na mimi?"

"Mmewekwa fungu moja."

"Basi mwambie nimempikia, aje tule, kama sisi ni kitu kimoja."

"Shangazi, si mchezo. Wakiondoka, vitanda vinazimwa. Wizara haijatenga kitu."

Kicheko kikakatika. Shangazi akauliza, safari hii kwa sauti ile ya chumba cha watoto, "Sasa tunafanyaje?"

Kulikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi. Vituo vichache, hata katika nchi zilizopanda, vingeweza kuongezewa muda kama mkaguzi angeridhika kwamba haviwezi kusimama vyenyewe. Mkaguzi angekuja wiki hiyo hiyo.

"Anataka kuona hali ilivyo," Kimya alisema. "Kwa hiyo nakuomba, nakushika miguu, usipambe."

"Nisipambe!" Shangazi alisimama. "Mgeni atoke alikotoka, nimkaribishe kwenye benchi lenye mguu wa tofali?"

"Hilo hilo benchi."

"Kwa hiyo unataka nivae matambara nikae barabarani na bakuli?"

"Sikuambii ujifanye maskini. Nakuambia usijifanye tajiri."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Kwa shangazi, kumpokea mgeni vizuri halikuwa jambo la kuwa nacho au kutokuwa nacho. Mtu asiyekuwa na kitu huazima, na anayeazimwa hutoa, kwa sababu kesho mgeni atakuwa wake. Kuacha kufanya hivyo aliona ni kumwambia mgeni kwamba hakuna aliyemngoja. Mwishowe alikubali, shingo upande. "Sawa. Mimi sitaongeza hata kijiko."

Na ahadi hiyo aliitimiza. Yeye hakuongeza hata kijiko. Alichofanya ni kupita tu kwa kinyozi, aliyekuwa na kibanda mbele ya lango la hospitali, akaegemea mlango na kusema kwa masikitiko kwamba wana mgeni mkubwa na binti yake amemkataza kupamba.

Kinyozi alizima mashine, kichwa cha mteja kikiwa kimenyolewa nusu. "Amekukataza wewe, mama. Mimi amenikataza?"

Asubuhi ya ukaguzi Kimya aliwahi, akiwa na begi la karatasi zake, akafika kwenye mlango wa chumba cha kina mama na kusimama hapo hapo.

Mabenchi hayakuwapo. Mbele ya kioo ilikaa sofa nyekundu ya watu watatu, inang'aa, inanuka spiriti ya kunyolea. Juu ya meza iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa ilisimama televisheni pana kama mlango. Na kioo, kile kioo cha kuwaonea watoto, kilikuwa kimefunikwa chote kwa mapazia mazito ya zambarau yenye vishada vya rangi ya dhahabu, yaliyomwagika hadi sakafuni kama ya ukumbini.

"Umeona?" Fundi cherehani alikuwa amesimama juu ya kigoda, pini mdomoni, anapanga mikunjo. "Ya mteja haya, anayachukua leo. Nimeona yasilale bure."

"Kina mama wako wapi?"

"Ndani, na mabenchi yao. Tumewaambia wavae vizuri."

Kimya alichungulia kwenye upenyo wa pazia. Kina mama walikuwa wamebanana kati ya vitanda, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa, kila mmoja amefunga mtoto wake kifuani, na kila mmoja amevaa kama anakwenda kupigwa picha. Mama wa pacha alikuwa na hereni ndefu hadi mabegani.

Alitupa begi chini, akashika mkono wa sofa, akavuta. Sofa ikasogea hadi mlangoni, ikakwama. Akaizungusha, ikakwama zaidi.

"Haitoki hivyo, dada," kinyozi alisema kwa fahari, mikono kiunoni. "Tuling'oa mlango kuiingiza. Seremala ameshaurudishia, kaenda zake."

"Mwite!"

"Anarudi baadaye kidogo. Na mimi leo nina mechi ya kuwaonyesha wateja, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, itatoka tu."

Shangazi alikuwa amesimama kando, sare yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, anatazama dari.

"Shangazi. Uliniahidi."

"Mimi nimeongeza nini? Niulize. Kijiko? Kiko wapi kijiko?"

Kimya alikuwa bado ameishika sofa waliposikia hatua kwenye veranda. Akairudisha kwa goti mahali pake, akafuta jasho, kinyozi na fundi wakaondoka haraka.

Mkaguzi alikuwa mzee mrefu, mwembamba, viatu vimejaa vumbi la safari. Alitoka nchi ya jirani, moja ya zile ambazo zingepokea fungu la chumba hiki kama lingeondoka, na aliongea Kiswahili chake cha kwao, chenye kuvuta mwisho wa maneno. Shangazi alisugua viganja, akampa mkono wa joto, akamketisha kwenye sofa.

"Karibu, baba. Jisikie uko kwako."

"Kwangu hakuna kiti kama hiki, mama," mkaguzi alisema, akazama mpaka magoti yakamfikia kifuani.

Shangazi alicheka, veranda nzima ikasikia. Kimya alifumba macho.

Mkaguzi alitoa kompyuta yake ndogo ya kubebea mkononi, akawa anasoma na kugusa kioo chake kwa kidole. "Samani za chumba cha kungojea... nzuri sana. Burudani kwa wagonjwa... ipo. Hali ya madirisha..." Alipapasa pazia. "Kitambaa kizito hiki. Mmetumia fedha."

Kila alipogusa, Kimya aliona kitanda kimoja kikizimwa. Alitaka kusema. Akalitazama jambo mara mbili. Kusema maana yake ni kumvunjia shangazi heshima mbele ya mgeni, na kuwaumbua kinyozi na fundi, walioacha kazi zao kwa ajili yake.

"Na watoto?" mkaguzi aliuliza. "Naweza kuwaona?"

"Ndani huingii, baba yangu, utawapelekea vumbi. Wageni huwaona kwa kioo."

"Kioo kiko wapi?"

"Nyuma ya pazia." Shangazi hakusogea. Kule nyuma ndiko ambako hakuna aliyepamba. "Ila saa hizi wananyonya. Kunywa chai kwanza."

Hapo mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia fundi cherehani mbio, pini bado mdomoni.

"Jamani samahani! Mteja amefika, amesimama dukani, ananitukania mama! Baba, sogeza kichwa kidogo, asante." Akapanda kwenye mkono wa sofa, akanyoosha mikono juu ya upara wa mkaguzi, na pete za mapazia zikalia krrr kutoka upande mmoja hadi mwingine. Zambarau yote ikamwangukia mgeni mapajani.

Fundi alipokusanya mapazia yake na kuondoka, kioo kilibaki wazi.

Mkaguzi akageuka kwenye sofa, akatazama. Kwenye kitanda cha kwanza walilala watoto wawili, vichwa huku na huku. Cha pili taa yake ilikuwa imekufa. Mtoto alikuwa amezungushiwa chupa za maji vuguvugu, kila chupa imevishwa soksi. Muuguzi alikuwa akihamisha mrija wa oksijeni kutoka pua ya mtoto mmoja kwenda ya mwingine, akingoja, akiurudisha. Na katikati yao kina mama waliovalia sikukuu, juu ya ndoo, wakimtazama mgeni kupitia kioo kama watu waliofumaniwa. Mama wa pacha alimpungia mkono. Hereni zikacheza.

Ndipo kichwa cha kinyozi kikachomoza mlangoni, na nyuma yake seremala, bisibisi mkononi.

"Mzee wangu, samahani sana. Mechi inaanza na wateja wamesimama, wananiona mwongo." Akachomoa televisheni, akaikumbatia. Kisha akasimama mbele ya mkaguzi, akahema. "Na hiyo uliyokalia pia."

"Hii?"

"Ndiyo, mzee. Ndiyo wanayokalia."

Mkaguzi alinyanyuka. Mlango ukang'olewa, sofa ikatoka ubavu, meza ikafuata, mlango ukarudishwa. Chumbani kikabaki kikombe cha chai sakafuni na watu watatu waliosimama. Mabega ya mkaguzi yalianza kutikisika. Alijaribu kukohoa, akashindwa, akaegemea ukuta na kucheka mpaka akavua miwani.

Shangazi hakucheka. Alikuwa akitazama viganja vyake, mdomo umelegea, kama mtoto aliyevunja chungu. Kimya alikuwa amemwona shangazi yake akizika mume, akigombana na mafundi wa umeme, akikesha na mtoto asiyepumua vizuri, lakini hajawahi kumwona akikosa la kusema. Alihisi uchungu uliopita ule wa fedha za Mfuko. Akajikuta anaongea, na sauti iliyotoka hakuitambua kama yake.

"Ndugu mkaguzi, geuka tena. Yule mama pale kwenye mizani. Unaona anachofanya?"

Nyuma ya kioo, mama mmoja alikuwa akimvua mtoto wake. Alivua kofia, akavua soksi, akafungua nepi, ndipo akamlaza kwenye mizani, haraka, kabla hajapoa.

"Anampima."

"Kwa nini amemvua?"

"Akimwacha na nguo, uzito si wake."

"Basi nyinyi mmetupima na nguo," Kimya alisema. "Mmeweka kwenye mizani maghorofa, migodi, magari ya wakubwa, mkaona mshale umepanda, mkasema huyu amenona, mpelekeni nyumbani. Hakuna aliyetuvua. Na shangazi yangu leo amekosea kosa hilo hilo kwa nia njema. Amekivisha chumba chake nguo za majirani, kwa sababu kwake mgeni hapokelewi uchi. Ukitaka uzito wenyewe, ndio huo mbele yako."

Alinyamaza, akashangaa kwamba dari ilikuwa bado juu. Shangazi alikuwa amegeuka, anamtazama kama anayemwona mtu akitembea juu ya maji.

Mkaguzi alirudisha miwani. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Dada, umesema vizuri. Ila nami niambie. Kule kwetu nina chumba kama hiki, hakina hata jenereta. Nchi yangu ukiipima na koti la baba yake juu, bado ni nyepesi. Nikiandika fungu hili libaki hapa, nimemnyima nani?"

Lilikuwa swali la haki, na lilitoka kwa mtu mwenye haki ya kuliuliza. Aliyejibu ni shangazi.

"Baba, hebu njoo karibu na kioo." Alimshika kiwiko. "Wale wawili wa kitanda cha kwanza. Unadhani tumewalaza pamoja kwa kuwa wanapendana? Hawajuani. Vitanda ni vichache. Sasa wewe unaniuliza nani atoke. Mimi siwezi kuwauliza hao, na wewe usiwaulize. Kamuulize mwenye vitanda kwa nini ameleta vichache. Wako apate, na wangu asitolewe."

Mkaguzi aliegemeza paji la uso kwenye kioo. "Swali hilo, mama, huwa tunaogopa kuliuliza."

"Liulize taratibu. Ukiona hawasikii, niite mimi."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha wote watatu, na nyuma ya kioo mtoto mmoja akaanza kulia, shangazi akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mabenchi yakarudishwa, pamoja na lile la mguu wa tofali, na mkaguzi akachagua hilo hilo kukalia. Akafungua tena kompyuta yake.

"Nifute 'samani nzuri sana'?"

"Andika za kuazima," shangazi alisema.

"Hakuna mahali pa kuandika za kuazima."

"Andika pembeni basi, baba. Hata hiyo kompyuta ina pembeni."

Mkaguzi akaandika pembeni.

Kungoja kulikuwa kurefu. Shangazi alifanya kazi kama kawaida na kucheka kama kawaida, ila alianza kuzima taa za veranda mchana, kama anayeweka akiba ya umeme kwa siku mbaya. Kimya kwa upande wake aligundua kwamba mlango uliofunguka siku ile haufungiki tena. Kwenye kikao cha bajeti alihama kutoka dirishani akakaa katikati. Alisema kwamba Mfuko ukibaki au usibaki, watoto ni wa nchi hii, na aliyetangazwa kuwa na uwezo hana budi kuuonyesha. Mwenyekiti alimwomba apunguze sauti. Alisema hawezi, alikuwa ameitunza muda mrefu. Walimpitishia mshahara wa muuguzi mmoja ili wapate kwenda kula, na baadaye alirudi akadai wa pili.

Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyepiga simu. Shangazi alikuwa kwenye veranda, akaweka simu mbali na sikio kama kawaida yake, hivyo kila mtu alisikia. Chumba kimeongezewa muda. Fungu la Mfuko litapungua taratibu mwaka hadi mwaka, na serikali itachukua nafasi yake taratibu hivyo hivyo. Hakuna kitanda kitakachozimwa.

"Na kule kwenu?" shangazi aliuliza, kabla hata ya kushukuru.

"Tumepata, mama. Jenereta na vitanda. Si vyote tulivyoomba."

"Kwa nini si vyote?"

"Mama, mimi ni mkaguzi tu."

"Swali uliliuliza?"

"Niliuliza. Walitazamana."

"Uliza tena, basi. Na mtume muuguzi wako aje hapa ajifunze. Nitamlaza kwangu."

Kisha akatupa simu kwenye mfuko wa sare na kuanza kucheza, hapo hapo, kwenye veranda, mabega na kiuno, mwanamke mzima mwenye miwani shingoni. Kinyozi akafungulia muziki mpaka lango likatetemeka. Akatangaza kwamba leo kila baba mwenye mtoto ndani ananyolewa bure, na wasio na watoto wakaanza kujitangaza kuwa wajomba. Fundi cherehani alikuja na vitambaa vilivyobaki, akawakatia watoto kofia, za zambarau zote, hivyo kwa majuma kadhaa chumba cha joto kilionekana kama kimejaa maaskofu wadogo. Kimya aliporudi kutoka ofisini alimkuta shangazi amekaa kibandani, kitambaa shingoni, nywele zake nyeupe zinaanguka sakafuni.

"Shangazi! Na wewe?"

"Bure, mwanangu! Mimi ni nani nikatae?"

Muuguzi wa nchi ya mkaguzi alikuja kweli, akalala chumba cha wageni miezi kadhaa, akarudi kwao akijua kupima maji kwa kifundo cha mkono. Wakawa wanapigiana simu na shangazi usiku na mchana kuhusu watoto wasiowahi kuwaona, huyu akiuliza wa kule ameongezeka kiasi gani, yule akiuliza wa huku ameanza kunyonya. Ofisini kwa Kimya watu walisahau kwamba aliwahi kuitwa hivyo. Nyumbani hakuna aliyesahau.

Shangazi alistaafu bila kukubali. Kila asubuhi alipita langoni kusalimia, salamu zikachukua mpaka adhuhuri. Moyo wake ulipoanza kuchoka walimlaza katika wodi ya wanawake, upande wa pili wa veranda, na aliwachosha wauguzi kwa kuwafundisha kutandika. Kimya alikuja kila jioni. Walizungumza juu ya bei ya vitu, juu ya kinyozi aliyeoa, juu ya kikao ambamo Kimya alimkalisha mkurugenzi chini kwa sentensi moja. Kisa hicho shangazi alitaka kukisikia kila siku upya, na kila siku alimwomba aongeze chumvi.

Jioni ya mwisho alikuwa amechoka, lakini alicheka pale pale pa kucheka. Kimya alimfunika, akachukua mkoba, akasema atakuja kesho na mapema. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia anaitwa, kwa sauti ile ya kunong'ona iliyokuwa ikimtoa jasho.

"Ukipita kwenye kioo cha watoto, vua hivyo viatu vyako vya kugonga. Wamelala."